Dakika Nne za Ukaimu

Kama kuna mtu humu amewahi kuendesha gari lenye bendera, anyooshe mkono. Naona kimya. Basi tulieni niwasimulie. Mimi nimeendesha gari la Naibu Waziri Mkuu miaka kumi na moja, sijalikwaruza hata kwa ukucha. Shule niliacha darasa la sita, mwalimu alikuwa ananionea wivu. Wenye digrii zao wanapanda nyuma na kuniuliza, "Dereva, tutafika saa ngapi?" Mbele nakaa mimi.

Ila leo sijisifu, ingawa ningeweza mpaka mchoke. Leo namsema shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, karani wa ofisi ya Naibu. Ofisi nzima walimwita Mama Dakika. Jina nilimpa mimi, kama yalivyo majina yote mazuri pale ofisini.

Kwanza mjue naibu wa mkuu wa serikali anafanya kazi gani. Hafanyi kitu. Nasema kwa heshima zote, maana na mimi nimelipwa mshahara kwa kumpeleka mahali pa kutofanya kitu na kumrudisha. Nchi yetu ni visiwa. Ukipanda juu ya paa la ofisi unaona inapoanzia na inapoishia. Nchi ya namna hiyo haina kazi za kuwatosha wakubwa wawili. Waziri Mkuu, ambaye sisi madereva tulimwita Mkubwa, anafungua barabara. Naibu anafungua choo cha shule. Mkubwa akihutubia, Naibu anatikisa kichwa kukubali, na lazima atikise kwa kipimo. Akizidisha ataitwa mnafiki, akipunguza watasema ana lake moyoni.

Kuna kitu kimoja tu. Sheria yetu inasema Mkubwa akitoka nje ya nchi, Naibu anakuwa Kaimu Waziri Mkuu na anasaini kila kitu ambacho Mkubwa angesaini. Sasa kutoka kwenye visiwa si kuvuka kijito. Ni ndege. Kwa hiyo sheria yenyewe iliandikwa kwa magurudumu: yakiachana na lami ya uwanja, Naibu ni Kaimu, yakigusa lami tena, ukaimu umekwisha, bwana arudi kwenye vyoo vyake.

Na mtu wa kuandika dakika hizo alikuwa shemeji yangu. Mnara wa uwanja wa ndege unampigia simu: imeruka. Anaandika dakika kwenye kitabu kikubwa cha jalada gumu, anafungua droo, anatoa muhuri wa Kaimu. Kila karatasi inayosainiwa, anaandika dakika yake pembeni ya saini. Mnara ukipiga tena, imetua, anaandika, anafungia muhuri, ufunguo unaingia kwenye pochi. Amefanya hivyo miaka ishirini na sita, chini ya manaibu sita. Mmoja alilala ofisini mpaka kiti kikapata umbo lake. Mmoja alifuga kasuku, kasuku akajifunza kusema "Mheshimiwa yuko kikaoni". Wote walikuja wakaenda, na yeye akabaki na kitabu chake.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye jozi mbili za viatu, vya kutembelea na vya kukalia. Saa ya mkononi aliivaa kwa ndani, uso wa saa umelalia mshipa. Ukimwambia "nakuja sasa hivi", anakuuliza "sasa hivi ya dakika ngapi?" Siku ya harusi yangu tulichelewa kuingia ukumbini, kosa la viatu vya bibi harusi, si langu. Kwenye kadi ya zawadi shemeji aliandika: "Hongereni. Mmechelewa dakika kumi na tisa." Kadi ninayo mpaka leo.

Utani kando. Mama yao alikufa yeye ana miaka kumi na sita, mke wangu ana tisa, na mdogo wao wa mwisho ana miwili. Baba alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alipata bandari nyingine na familia nyingine huko huko. Basi yule msichana akawa mama. Mchana anauza kwenye duka la madaftari, jioni anajifunza kupiga taipu, na mtoto amefungwa mgongoni. Anasema mtoto alizoea ule mlio wa mashine. Ukinyamaza tu, anaamka kulia. Hakuolewa. Wanaume walikuja, nyumba ilikuwa haikosi mgeni. Akiwauliza, "Na hawa wawili mtawaweka wapi?" wanakumbuka kwamba wana safari.

Yule mdogo wa mwisho tulimwita Kitinda. Alikua kijana mrefu, mpole kupita kiasi, mtu wa kumwomba radhi paka akimkanyaga mkia. Akapata kazi ya ulinzi wa ghala la dizeli ya serikali bandarini. Mwaka mmoja dizeli ikapotea. Si dumu wala pipa, tangi zima. Mtu mmoja hawezi kutoroka na tangi la dizeli mfukoni, lakini kizimbani alisimama mtu mmoja: mwenye ufunguo. Akafungwa miaka saba.

Gereza letu liko kwenye kisiwa kidogo, nusu saa kwa boti. Mwaka wa nne figo zikamkataa. Akawa anatakiwa kuletwa hospitali kuu mara tatu kwa wiki, mashine imsafishe damu. Aliletwa mara moja, wiki nyingine hakuletwa kabisa. Mnajua kwa nini? Boti ya gereza ilikosa dizeli. Mimi ndiye mzaha unaniponyoka mdomoni hata msibani, lakini huo sikuutunga mimi.

Daktari akaandika kwamba huyu aachiwe akauguziwe nyumbani, karibu na hospitali. Mfungwa mgonjwa kuachiwa kunahitaji saini moja tu, ya Waziri Mkuu. Karatasi ikafika mezani kwa Mkubwa ikalala. Mkubwa si katili, nisimsingizie. Nilimsikia mwenyewe kwenye korido: "Ile kesi ya dizeli ilipigiwa kelele sana. Nitaisoma kwanza." Miezi mitano anaisoma karatasi ya ukurasa mmoja.

Naibu wetu wa wakati huo alikuwa mtu wa tabasamu. Ukimpa habari mbaya anatabasamu, ukimpa nzuri anatabasamu, meno yake yalifanya kazi kuliko yeye. Siku moja alimkuta shemeji mezani kwa Mkubwa ameshika jalada la Kitinda, hasomi, ameshika tu.

"Mama, ni lile la mdogo wako?"

"Ndilo, Mheshimiwa. Nilikuwa nalipangusa vumbi."

"Usihangaike. Jumanne Mkubwa anasafiri, mkutano wa siku sita. Nikishakuwa Kaimu, karatasi yangu ya kwanza ni yako."

"Ya kwanza, Mheshimiwa?"

"Ya kwanza kabisa. Kalamu haijapata hata joto."

Jioni ile alikuja kwetu. Haji siku za kazi, kwa hiyo mke wangu alidhani kuna msiba. Akakaa ukingoni mwa kiti, pochi mapajani, akatueleza. Mke wangu akaanza kulia, akacheka, akalia tena.

"Shemeji," nikamwambia, "sasa umepumua. Nilidhani ukipumua unaandika dakika."

"Wewe cheka," akasema. "Jumanne utakuwa kwenye usukani. Mkishaachana na uwanja, umlete moja kwa moja."

"Mimi? Nitaruka naye. Gari litafika kabla ya kivuli chake."

"Sitaki uruke. Nataka ufike."

Jumanne ikafika. Uwanjani mawaziri walijipanga mstari mmoja kama watoto wa chanjo, Mkubwa akawapa mikono, akapanda ngazi, akapunga. Saa nne kamili asubuhi magurudumu yakaachana na lami. Mimi nikavua ule mfuko wa ngozi unaofunika bendera mbele ya gari. Bendera ya Naibu inavaa mfuko siku zote. Siku ya ukaimu tu ndiyo inapata hewa. Pikipiki mbili za polisi zikakaa mbele yetu.

Mtu akiwa Naibu na akiwa Kaimu, tofauti unaiona kwenye kioo cha dereva. Alikaa wima. Shingo ilirefuka. Lile tabasamu likahama, nikaona kwa mara ya kwanza midomo yake inafananaje.

"Dereva."

"Naam, Mheshimiwa."

"Kuna ulazima gani wa kupita njia ya bandari?"

Njia ya bandari ni robo saa mpaka mlangoni mwa ofisi, haina hata taa za kusimamisha magari. "Ulazima hakuna, Mheshimiwa," nikasema.

"Pitia mjini. Watu waone serikali ipo."

Tukapitia mjini. Tukapita sokoni polepole, king'ora kinalia, wauza nyanya wanasimama. Tukapita mbele ya shule aliyosoma, kengele ya mapumziko ilikuwa bado, akaona watoto wako ndani, akasikitika. Tukapita mtaa wa wakwe zake, akashusha kioo. Halafu tukafika kwenye mzunguko wa maua katikati ya mji, akaniambia, "Zunguka mara moja," nikazunguka.

Sasa hapo pembeni alikuwa amesimama mtu mmoja, bahasha kwapani, anasubiri kuvuka. Nilisoma naye. Alikuwa wa kwanza darasani mwaka niliokuwa wa mwisho, na alinisema mbele ya wenzetu kwamba nitakuja kusukuma mkokoteni. Tulipopita alikuwa anaangalia viatu vyake, hakuniona. Basi nikazunguka tena. Mheshimiwa alisema mara moja. Mara ya pili ilikuwa yangu. Nikapunguza mwendo mpaka pikipiki zikashangaa. Akainua kichwa, akaona bendera, akaona uso wangu. Mdomo ulimwanguka. Nilifurahi, jamani. Sikumbuki kufurahi namna ile tangu nizaliwe.

Nilijua kuna karatasi inatungoja mezani. Ilikuwa ya Kitinda, ndugu wa damu wa mke wangu, nilijua. Nikajiambia siku sita ziko mbele yetu, dakika chache zina nini?

Tuliingia getini saa nne na nusu. Shemeji alikuwa amesimama juu ya ngazi na viatu vya kukalia, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alimpisha Mheshimiwa kwanza. Aliponipita akaninong'oneza, "Mmechelewa robo saa nzima, shemeji." Mimi nikakonyeza jicho, kama mjinga.

Nilibeba mkoba wa Kaimu mpaka ndani, kwa hiyo yaliyofuata sikusimuliwa. Mezani palikuwa na jalada moja tu, la Kitinda, limetolewa kwa Mkubwa, limefunguliwa, kalamu juu yake. Mheshimiwa akakaa. Akaingiza mkono kwenye koti akatoa karatasi nyingine iliyokunjwa.

"Mama, tuanze na hii, ni fupi. Kiwanja cha mkwe wangu, kule ufukweni."

Shemeji akaiangalia ile karatasi, akaangalia jalada lake. "Sawa, Mheshimiwa." Akaandika dakika pembeni ya saini: saa nne na dakika thelathini na tatu. Muhuri, pa.

Halafu ndiyo ya Kitinda. Mheshimiwa akasaini kwa mbwembwe, mkia wa saini ukatoka nje ya mstari. Shemeji akaandika: saa nne na dakika thelathini na tano. Muhuri, pa. Akainama akaupuliza wino, alivyopuliza utadhani ni uji wa mtoto. Nikaona mabega yake yanashuka. Miaka ile yote sikujua kwamba alikuwa ameyainua.

Saa nne na dakika arobaini simu ikalia.

"Ofisi ya Kaimu Waziri Mkuu," akasema. Halafu akasema, "Imetua? Imetua wapi?" Halafu, "Saa ngapi kamili? Hapana, si karibu. Kamili."

Ndege mnyama, mwenye manyoya, aliingia kwenye injini ya ndege ya Mkubwa. Rubani akazunguka juu ya maji kidogo, akairudisha salama. Magurudumu yaligusa lami saa nne na dakika thelathini na moja. Mtu wa mnara alichelewa kupiga simu kwa sababu alikuwa anahangaika na magari ya zimamoto.

Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la sita naiweza. Ukaimu ulikufa saa nne thelathini na moja. Karatasi ya Kitinda ilisainiwa thelathini na tano. Zimepita dakika nne. Kwa dakika nne zile Naibu alikuwa mtu tu aliyekaa kwenye kiti na kalamu.

Mheshimiwa alikuwa ameshaingia chumba cha ndani kupiga simu zake. Tulibaki wawili. Shemeji alifungua kitabu, akashika kalamu, hakuandika.

"Shemeji," nikasema, "andika arobaini."

"Arobaini ni saa ya simu."

"Ndiyo. Nani anajua? Mnara wenyewe ulikuwa unazima moto. Andika arobaini, tumchukue kijana wetu twende nyumbani."

"Hakukuwa na moto."

"Shemeji, kwa jina la Mungu!"

Aliniangalia. Macho yalikuwa makavu kabisa. "Nikiandika uongo kwa ajili yangu leo, kesho nitaandikishwa uongo kwa ajili ya nani?" Akaandika. Thelathini na moja, kwa mwandiko wake ule wa kitabu cha shule. Akafungia muhuri. Halafu akachukua rula akaichora ile karatasi ya Kitinda mstari wa kukata, na ile ya kiwanja vilevile, na pembeni akaandika: batili.

Mkubwa alishuka kwenye ndege shati limemganda mgongoni, akafuta safari, akatangaza hapandi tena chuma kile mpaka kinunuliwe kipya. Na mimi nikavalisha bendera mfuko wake.

Mchana, baada ya watu kula, Naibu alitoka chumbani. Tabasamu limerudi mahali pake. Mimi nilikuwa kwenye benchi karibu na mlango nasubiri kutumwa.

"Mama, nimeongea na yule bwana wa mnara. Kumbe alikosea. Amekumbuka vizuri zaidi."

"Amekumbuka nini, Mheshimiwa?"

"Ilitua thelathini na nne. Utaandika ukurasa upya, na kile kiwanja utanipigia muhuri upya. Hilo ni kosa la mnara, si lako."

Mimi pale kwenye benchi nilihesabu kwa vidole. Kiwanja ni thelathini na tatu. Kitinda ni thelathini na tano. Huyu mtu alikuwa na dakika zote za dunia za kuchagua, na alichagua ile ya katikati.

"Mheshimiwa," shemeji akasema, na sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia, "naomba iwe thelathini na sita."

"Haiwezekani, Mama."

"Kama mnara unaweza kukumbuka dakika tatu, unaweza kukumbuka tano. Dakika mbili tu, Mheshimiwa. Zile ulizoahidi."

"Nielewe. Kiwanja hakuna atakayekiuliza. Lakini mfungwa wa dizeli akitoka leo, Mkubwa ataniuliza kesho: ulikaimu nusu saa, ukafungua gereza? Karatasi mbili zitaonekana. Moja itapita." Akainama karibu yake, akasema kwa upole, na upole ule ndio nilioushindwa: "Safari ijayo, Mama. Ya kwanza kabisa."

Nilitaka asimame amrushie kile kitabu. Nilitaka niseme neno mimi, domo langu hili linalojulikana visiwa vyote. Nikaangalia kofia yangu.

Shemeji alichana ule ukurasa taratibu kwa rula, akaandika mwingine. Thelathini na nne. Mwandiko ule ule. Alipomaliza akanawa mikono kwenye beseni la korido, akakaa. Baadaye nilimuuliza kwa nini alikubali, akanijibu, "Nikikataa, safari ijayo atasaini nani?" Kwa hiyo siku moja tu alipoteza yote mawili, mdogo wake na kile alichokuwa amekilinda miaka ishirini na sita, na alichobakiwa nacho ni ahadi ya yule mwenye meno.

Wiki iliyofuata alinikuta naosha gari nyuma ya ofisi.

"Uwanjani mlitoka saa nne na dakika tatu," akasema. "Nimeuliza. Getini mmeingia na nusu. Mlipitia wapi?"

"Foleni, shemeji. Njia ya bandari ilikuwa imejaa malori."

"Foleni."

"Foleni ya kutisha."

Alisimama akiangalia maji ya sabuni yanavyoingia mtaroni. Kila mtu mji mzima alikuwa ametuona na king'ora. Hakuniuliza tena, wala mke wangu hakuniuliza, na kutoulizwa huko nimelala nako kitandani mpaka leo.

Safari ijayo haikuja. Mkubwa hakupanda ndege, hakupanda hata ngazi ya kubadilishia balbu. Naibu akaendelea kufungua vyoo. Shemeji alienda kisiwa cha gereza kila Jumapili ambayo boti ilikuwa na mafuta. Alirudi akisema, "Leo amenitambua." Halafu akawa anasema, "Leo amekula." Halafu akawa harudi na maneno. Daktari alitueleza kwamba damu isiposafishwa uchafu unapanda kichwani.

Wiki ya kumi na moja wakaamua kupaka rangi ofisi ya Mkubwa. Mafundi wakasema meza itolewe, na haitoki ikiwa na karatasi. Mkubwa akakaa asubuhi moja akasaini rundo lote tangu juu mpaka chini, kahawa mkono wa kushoto. Mhudumu aliyekuwa akipokea majalada aliniambia hakusoma hata moja. La Kitinda, ambalo shemeji alilirudisha pale na karatasi safi, lilikuwa katikati ya leseni ya machimbo ya kokoto na barua ya rambirambi.

Nilimfuata gatini mimi mwenyewe, si kwa gari la bendera, kwa gari la kukodi. Walimshusha kwenye boti wamemshika makwapa. Yule kijana mrefu alikuwa amebaki urefu tu. Tukamlaza kwa dada yake, chumba cha mbele, dirisha linaangalia barabara. Mke wangu alishindwa kukaa, akaenda jikoni akawa anaosha vyombo visafi.

Mimi kazi yangu inajulikana. Nikavuta kiti nikamwambia, "Haya bwana, umepungua hivi, ukipita mlangoni kengele haitajua ilie au isilie." Upuuzi tu, nilitafuta nikapata huo.

Akacheka. Alicheka haraka, macho chini, mara moja halafu akanyamaza akaniangalia kuona kama imetosha. Nimechekesha watu maisha yangu yote, vicheko vyote navijua, hicho sikukijua. Halafu nikakielewa. Ndivyo wanavyocheka kule gerezani, mwenye funguo akitania.

Baadaye kidogo akaanza kuhangaika kwenye shuka. Ubavu ulikuwa unamuuma, tuliona. Lakini hakugeuka. Alimwangalia shemeji, akanyoosha mikono pembeni ya mwili, akasema:

"Afande, naomba kugeuka."

"Mimi si afande," shemeji akasema. "Mimi dada yako. Uko nyumbani. Geuka unavyotaka."

"Ndiyo, afande."

Na hakugeuka. Jasho likamtoka usoni, akabaki amenyooka, anasubiri. Shemeji akamshika mkono, akamwita kwa jina lake la utotoni, akamwimbia hata kale kawimbo ka kumbembelezea. Mara ya pili akaomba, kwa adabu ile ile. Mara ya tatu sauti ilikuwa imekatika.

Shemeji akauachia mkono wake. Akasimama, akarudi nyuma hatua moja, akainua sauti, sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Geuka!"

Akageuka. "Asante, afande," akasema ukutani.

Huu ni mwezi wa nne tangu arudi nyumbani. Shemeji anampa amri ya kula, ya kunywa, ya kufumba macho. Bila amri hagusi hata maji.